Mdalasini wa Wifi Moinaecha

Mpwa wangu aliyeko Unguja ameonekana ana sukari. Mama yake, yaani dada yangu, alinipigia simu akilia, na katikati ya kilio akaniambia kuna jirani amemshauri aache sindano, awe anampa mtoto maji ya mdalasini asubuhi na jioni. Nilimwambia akate simu, akamchome mtoto sindano yake, kisha anipigie tena. Alipopiga nikamkumbusha yaliyonipata Moroni. Akasema, "Yaandike, Sitti. Wako wengi wa kuambiwa."

Kwa hiyo naandika, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokulia mimi na dada yangu kule Unguja, kabla wazazi hawajanirudisha kwao Mutsamudu nikiwa bado msichana. Nasema mapema kwamba anayetaka habari za mgonjwa aliyepona akawasamehe wote, atafute kwa mwingine.

Niliolewa na Saidi, mwalimu kutoka Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, aliyekuja kufundisha kwetu. Miaka ile nchi ilikuwa mikononi mwa mamluki, wale Wazungu wa kukodiwa. Walikuwa wamemwangusha kiongozi mmoja na kumrudisha mwingine, kisha hawakuondoka. Walivaa sare nyeusi, wakaendesha jipu zao katikati ya mji, na watu walijifunza kunyamaza wakisikia breki. Saidi alipohamishiwa kwao Moroni nikamfuata.

Visiwani kwetu nyumba ni ya wanawake. Ningebaki Mutsamudu, mwenyeji ningekuwa mimi, na Saidi ndiye angekuja kwetu na sanduku lake. Moroni mwenye sanduku nilikuwa mimi. Tulipewa vyumba viwili vya nyuma katika nyumba ya dada yake mkubwa, Moinaecha, mwanamke mrefu, mzuri, aliyeachwa na mume akiwa na binti mmoja, Zalhata. Mimi nilimwita wifi na yeye akaniita wifi, na mwanzoni tulilitamka neno hilo kwa furaha.

Wifi alikuwa na Mzungu wake. Alikuwa ofisa wa wale mamluki, na sote tulimwita Luteni, hatukumwita jina. Wengine walisema alisilimu akamuoa kimyakimya, wengine walisema hakuna ndoa hapo. Mimi sikuuliza. Nilichojua ni kwamba alasiri jipu lake lilisimama mlangoni, na kwamba kwa ajili yake nyumba ile ilikuwa na vitu viwili ambavyo majirani hawakuwa navyo: jiko la gesi lenye oveni, na friji inayotumia mafuta ya taa, ambayo haikujali umeme ukikatika. Nilijua pia kwamba Saidi aliwahi kuchukuliwa kutoka shuleni kwa sababu ya jambo alilosema mbele ya wanafunzi, na aliyekwenda kambini kumtoa ni dada yake. Tangu siku hiyo hakuna mtu katika nyumba ile aliyembishia Moinaecha, Saidi wa kwanza.

Luteni ndiye aliyeleta habari za mkate ule. Kwao huuita mkate uliopotea, kwa sababu unatumia mkate uliokauka ambao ungetupwa. Wengi huukaanga kwenye kikaango, lakini yeye aliutaka wa kuoka, kama alivyofanya mama yake. Wifi hakuwa na mkono wa kuoka. Mimi nilikuwa nao. Nilichukua ile mikate mirefu ya Kifaransa iliyolala, nikaikata vipande vinene, nikavipanga kwenye trei iliyopakwa siagi. Nilipiga mayai na maziwa ya kopo, sukari, chembe za chumvi, na mbegu za vanila nilizozikwangua kwa ncha ya kisu. Kisha mdalasini, ambao kwetu mti wake unaota milimani. Nilitwanga magome mwenyewe na kuyachekecha, kwa sababu ukibaki na makapi unakwaruza koo. Nilivimwagia vipande mchanganyiko ule, nikaviacha vinywe mpaka vilegee, nikanyunyiza sukari na mdalasini juu, nikaingiza ndani ya oveni. Ukiiva huvimba, ukingo unakauka na kulia mdomoni, na katikati unabaki laini kama ute wa dafu. Wenzake Luteni waliuonja mara moja, na tangu hapo ikawa kila Jumapili natoa trei zinapelekwa kambini. Sikulipenda hilo. Lakini nilikuwa nakula na kulala katika nyumba ya wifi.

Ugonjwa ulinijia wakati wa kashkazi, na mwanzoni nililaumu joto. Nilikuwa na kiu isiyokatika. Nilikunywa maji mtungi ukalia mtupu, kisha nikashinda njia ya chooni. Nguo zikaanza kunivuka. Siku moja niliona sisimizi wamejipanga kuelekea chooni, wamefuata mkojo wangu, nikakaa chini nikawatazama, kwa sababu bibi yangu alikufa hivyohivyo na nilikumbuka watu wakiongea juu ya sisimizi.

Hospitalini nilikaa kwenye benchi la zege pamoja na wanawake wenye watoto wa homa. Aliyenipokea alikuwa muuguzi mmoja wa makamo, Bi Raanti, mpole wa mikono na mkali wa maneno. Daktari alisema ni sukari, na ya aina inayotaka sindano kila siku maisha yote. Nilikuwa bado sijafika hata miaka ishirini na mitano. Bi Raanti alinifundisha kuchemsha bomba la kioo na sindano yake, kuvuta dawa, kushika nyama ya paja. Mara ya kwanza nilishindwa, nikalia. Akasema, "Lia, lakini choma." Nikachoma huku nalia.

Dawa ilikuja kwa shida, na ilitaka ubaridi. Hapo ndipo friji ya wifi ilipoingia katika maisha yangu. Alinipa nafasi katika rafu ya chini. Rafu ya juu tayari ilikuwa na vichupa kama vyangu, navyo vilikuwa vya Luteni. Kumbe naye alikuwa na sukari. Aliwaficha wakubwa zake wasije wakamrudisha kwao, ndiyo maana hakuweka dawa kambini. Yeye dawa yake ililetwa na ndege yao kutoka kusini. Yangu niliipata kwa kupanga mstari na kuomba.

Nilipata nguvu. Mwili ukarudi, nywele zikaacha kubaki kwenye kitana, na kufikia mwanzo wa kusi nikawa mjamzito. Saidi alifurahi mpaka akawa ananichekesha kwa kunizuia nisibebe hata sufuria. Bi Raanti hakucheka. Aliniambia, "Sasa una watu wawili ndani ya sindano moja. Usikose hata siku."

Mimba ilipoanza kuonekana, asubuhi moja nilifungua friji nikakuta rafu yangu tupu. Wifi alikuwa nyuma yangu, ameegemea mlango.

"Mafuta ya taa yalikwisha nikiwa sipo," alisema. "Dawa yako imeharibika kwa joto. Nimeitupa, wifi, nisije nikakuua."

"Na ya Luteni?"

"Yake alishaichukua."

Nilikwenda hospitalini, wakaniambia hakuna kichupa mpaka meli au ndege ifike. Bi Raanti alikuwa amesafiri kwao kwa msiba. Niliporudi wifi alikuwa ameshachemsha magome ya mdalasini katika sufuria kubwa, maji yamekuwa mekundu kama chai ya rangi. "Kunywa," akasema. "Mdalasini unakula sukari mwilini. Wazee wetu walitibiwa na nini kabla ya sindano za Wazungu?"

Nilitaka kuamini. Aliyewahi kukosa dawa anajua hamu hiyo. Nikanywa, nikaacha wali, nikaacha ndizi, nikawa naishi kwa samaki na maji yale. Na kweli siku za mwanzo nilijiona mwepesi. Wifi akachukua wepesi ule akatembea nao mjini. Alikuwa na shamba la midalasini mlimani, na ghafla magome yake yakawa dawa. Wanawake walikuja mpaka kutoka Ntsoudjini kunitazama. Aliniita nitoke nje, akanishika kiuno mbele yao. "Mwoneni. Sindano kaacha. Mwoneni alivyokatika vizuri." Nilikuwa nakauka kama samaki wa kuanikwa, na mtoto tumboni, nao wakaniangalia na kununua.

Kiu ilirudi. Kisha kichefuchefu, kisha pumzi ikawa inakimbia nami nimelala. Saidi aliniambia mdomo wangu unanuka matunda yaliyooza. Nilimwambia anipeleke hospitali. Akatazama mlango wa dada yake kwanza. Sijasahau kwamba alitazama mlango ule kwanza. Wifi akasema dawa ya asili hutoa uchafu kabla ya kuponya, tungoje. Tukangoja. Kinachofuata nasimuliwa tu: nilianguka uani, Saidi akanibeba mgongoni mpaka barabarani, na mwenye pikipiki mmoja akatusaidia.

Nilizinduka wodini na tumbo limelala. Bi Raanti alikuwa amerudi, na ndiye aliyeniambia. Mtoto alikuwa wa kiume. Walimuosha, wakamzika, Saidi alikuwepo. Hakuniambia ni mapenzi ya Mungu, na kwa hilo nitamshukuru mpaka mwisho. Alinisogezea kikombe cha maji, akakaa ukingoni mwa kitanda changu ingawa wodi ilikuwa imejaa watu wanaomwita. Dawa ilikuwa imepatikana, sijui aliing'oa wapi. Kwa muda mrefu jicho langu la kushoto liliona ukungu, na miguu ilikuwa kama imevaa soksi nene.

Nilipoweza kukaa walinitoa barazani nipate hewa. Hapo ndipo Luteni aliponikuta. Alikuwa amekuja kwa daktari kwa shughuli zake, na aliponiona akaja moja kwa moja, akavua kofia. Kifaransa changu kilikuwa cha jikoni lakini kilitosha.

"Bibi Sitti," alisema. "Unaumwa tena? Nilidhani umepona. Moinaecha aliniambia mdalasini umekutoa kwenye sindano."

"Alikuambia lini?"

"Aliponipa vichupa vyako. Ndege yetu ilichelewa, na yangu ilikuwa imekwisha. Alisema wewe umesema nichukue, huvihitaji tena. Bila wewe ningekufa. Nilikuwa nikitaka kukushukuru kwa mdomo wangu."

Akaninyooshea mkono. Niliutazama ule mkono, wenye afya, una rangi. Sikuushika. Nadhani alinielewa, kwa sababu uso wake ulibadilika, akarudisha kofia kichwani, akaondoka bila kuaga.

Jioni Saidi alikuja na uji. Nikamwambia. Alikaa kimya, na kimya kile kilikuwa kirefu mno kwa mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza.

"Ulijua?"

"Nilijua juzi. Alinieleza mwenyewe, analia." Akashika kichwa. "Sitti, nakuomba. Tukilitoa hili nje, kesho wakija kunichukua, nani atanifuata? Unajua kambini wanafanya nini. Nyamaza, kwa ajili yangu."

"Na mtoto?"

"Mtoto ameshakwenda."

Nilimpa bakuli lake la uji, nikageukia ukuta. Nilipotolewa wodini sikurudi kwa wifi. Bi Raanti alinipeleka uwanja wa ndege mwenyewe, na ndege ndogo ikanirudisha kwa mama yangu Mutsamudu.

Mama alikuwa amezeeka kuliko nilivyomwacha. Alinivua nguo, akanitazama mbavu, akanifunga shiromani yake, ile nguo ya kujitanda ya wanawake wa kwetu, kama anavyofungwa mtoto, asiniulize chochote. Nilimwambia shida ya kwanza ni dawa, hatuna friji. Akachukua mtungi mdogo akauweka ndani ya mtungi mkubwa, katikati akajaza mchanga, akaumwagia maji, akafunika kwa kitambaa kibichi na kuuweka penye upepo kwenye uchochoro. Niliingiza mkono ndani. Kulikuwa na ubaridi wa kisima. Vichupa vyangu vilikaa humo miaka, wala havikuharibika.

Nilikaa pale chini kando ya mtungi, hasira ikanijaa upya. Kumbe sikuwahi hata kuihitaji friji yake.

Kupona kwangu kulikuwa kwa polepole na hakuna la kusifia sana. Nilichoma asubuhi na jioni. Niliosha miguu na kuikagua kila siku, vidole kimoja kimoja, kwa sababu mguu usiosikia maumivu haukwambii ukikatwa na kioo. Jicho likasafika kidogo. Saidi alikuja kila likizo ndefu, akalala kwetu kama mgeni, akaniletea dawa alizozitafuta Moroni kwa jasho lake. Nilimpokea. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuogopa, na mwili wangu ulimzoea. Lakini sikumwambia tena jambo lililo moyoni, na hatukupata mtoto mwingine.

Hasira ilinipa ratiba. Watu husema mgonjwa huamka kwa ajili ya watoto au kwa ajili ya Mungu. Mimi kuna asubuhi nyingi niliamka na kuchoma sindano kwa sababu Moinaecha alikuwa hai Moroni na sikutaka nitangulie mimi.

Miaka ikapita, mamluki bado wapo, ndipo Saidi alipokuja mara moja katikati ya muhula. Zalhata alikuwa anaolewa. Ilikuwa ndoa kubwa, ile ambayo mama Mngazija huisubiri tangu anapojifungua binti, ambayo mji mzima huila na kuipima.

"Dada anaomba uje," Saidi alisema, haniangalii. "Kuna siku ya wanawake wa chama chao cha mji. Anataka mkate ule wa kuoka, na hakuna anayeujua kama wewe. Anasema yaliyopita yamepita."

"Nitakuja," nikasema.

Alifurahi mpaka akanibusu mkono. Mama alikuwa akichambua mchele, akaacha kuchambua akanitazama, akaendelea.

Wifi alinipokea mlangoni mikono wazi, amenenepa, ana dhahabu mpaka kwenye viwiko. Aliniingiza jikoni kwake kana kwamba nilitoka jana sokoni. Nilioka siku nzima. Sijawahi kuoka vizuri hivyo maishani. Mkate ulikuwa umekauka sawasawa, mayai ya kienyeji, vanila mbichi yenye mafuta, na mdalasini nilitwanga mwingi mpaka nyumba ikanukia mpaka barabarani. Sikutia sumu. Nasema hivi kwa sababu Saidi baadaye aliniuliza. Nilitaka wale, wafurahi, wanyamaze, wanisikilize.

Wanawake wa chama walijaa sebule na ua. Aliyekaa mbele alikuwa Mama Anrafa, mkubwa wao, bibi mfupi wa sauti ndogo ambaye akisema jambo mjini limesemwa. Sahani zikapita. Ukimya wa watu wanaokula kitu kitamu ukashuka, na Moinaecha akaona ndiyo nafasi yake. Akanishika kiuno, palepale aliponishika zamani.

"Huyu ndiye wifi yangu Sitti," akasema. "Wengi mnamkumbuka. Alikuwa na sukari ya kufa, nikamponya kwa mdalasini wa shamba langu. Leo mwoneni, na mkate wake ndio huu mnaokula."

Wakapiga vigelegele. Nilingoja viishe.

"Kweli alinipa mdalasini," nikasema. "Hakuwaambia dawa yangu alimpa nani."

Nikawaeleza. Sikupaza sauti na sikulia. Niliwaambia juu ya rafu tupu, juu ya mafuta ya taa, na maji mekundu, na wao wenyewe walivyokuja kunitazama nikiwa nakufa nimesimama. Niliwaambia Luteni alinishukuru. Niliinua ukingo wa nguo nikawaonyesha paja, alama za sindano mpya na za zamani. "Sijaacha sindano. Leo asubuhi nimechoma, katika nyumba hii, kabla sijawapikia. Niliiacha mara moja tu, na mara hiyo nilizikiwa mtoto."

Mama Anrafa alimgeukia mwenye nyumba. "Moinaecha, ni kweli?"

Wifi angeweza kukana. Nilikuwa nimejitayarisha akane. Badala yake alisimama wima, shingo imenyooka.

"Luteni angekufa, na Saidi akachukuliwa tena, angetolewa kambini na nani?" akasema. "Na nyinyi. Watoto wenu wakichukuliwa mnagonga mlango wa nani? Wewe, na wewe. Mlikuja hapa mnalia, nikavaa nikaenda. Mlidhani mlango ule unafunguliwa kwa dua? Nilikuwa na mtu mmoja wa kuokoa, nikamwokoa anayetulinda sote."

Wako walioinamisha macho, kwa sababu ilikuwa kweli. Hata mimi nilisikia kwamba ni kweli. Nikaanza kuogopa kwamba nimeshindwa.

"Ungemwomba," Mama Anrafa alisema kwa sauti yake ndogo. "Ungemwambia, Sitti, huyu anakufa, mgawie nusu. Ulimwomba?"

Wifi akaanza kuzungusha bangili za mkononi.

"Aliyekufa alikuwa damu ya ndugu yako. Kisha ukauza magome kwa jina lake."

Mama Anrafa akaweka sahani yake chini, mkate umeliwa nusu, akaifunika kwa kitambaa. Jirani yake akafanya vilevile. Sauti za sahani zikasikika moja baada ya nyingine mpaka uani. Hakuna aliyetukana. Walivaa mitandio yao, wakaaga kwa maneno yaleyale wanayoaga nayo msibani, wakatoka. Katika mji ule chakula cha harusi kikiachwa sahanini, hakuna tena la kuongeza.

Nilifurahi. Nimeahidi kusema ukweli katika maandishi haya. Nilisimama katikati ya trei zangu nikamtazama Moinaecha anavyotazama mlango, na furaha ilinipanda kutoka miguuni, miguu ileile isiyosikia vizuri. Lililoniuma ni moja tu, swali la Mama Anrafa. Kwa sababu angeniomba, ningempa nusu. Najijua. Ningempa.

Saidi alinikuta nafunga sanduku. "Umeridhika?"

"Bado."

"Wakija kunichukua?"

"Utajua nilivyojisikia nikingoja."

Hawakuja. Luteni aliacha kwenda kwa wifi baada ya siku ile, sijui kwa aibu au alipata pengine pa kwenda. Baadaye mamluki wote waliondolewa, naye akaondoka nao. Harusi ya Zalhata ilifanyika, lakini ndogo, watu wa kuhesabika. Binti huyo hajasema nami mpaka leo. Yeye hakunikosea, na kila nikimfikiria namwonea huruma. Si huruma ya kutosha kunifanya nitamani ningenyamaza.

Sasa kwa mpwa wangu na mama yake, na kwa yeyote aliyepewa sufuria ya maji mekundu. Mdalasini sina ugomvi nao. Naupenda. Hutuliza tumbo lenye gesi, hupasha mwili joto wakati wa mafua, na wako wanaosema unasaidia sukari kidogo. Labda. Muulize daktari, kisha unywe kikombe chako ukiwa umeshachoma sindano, si badala yake. Hata mkate ule bado naoka, siku moja moja. Nachukua kipande kimoja, yai, maziwa kidogo, vanila, mdalasini wa kutosha, sukari sitii kabisa. Mdalasini huudanganya ulimi ukadhani kuna sukari, na huo ndio uongo pekee ninaoukubali kutoka kwake. Usimkabidhi mtu mwingine dawa yako, hata awe ndugu, mpaka uwe umeona kwanza kama unaweza kuitunza mwenyewe. Na mtu wako akikwambia umpeleke hospitali, usitazame mlango wa mtu.

Kila mwaka Ramadhani ikikaribia Moinaecha hutuma mtu kuniomba radhi, kama ilivyo desturi. Amezeeka, biashara ya magome ilikufa siku ile, na anaishi na Zalhata. Mjumbe hunywa chai, hutoa maneno yake, na mimi hujibu kwamba nimesikia. Sisemi zaidi ya hapo. Mama yangu kabla hajafariki alinisihi nisamehe. Imamu wetu amenisihi. Hata daktari kijana wa hapa Mutsamudu, mtoto mzuri sana, aliniambia wiki hii kwamba kinyongo hupandisha sukari, nikikitoa moyoni nitaona tofauti kwenye kipimo.

Leo asubuhi nimejitoboa kidole kabla sijakaa kumalizia maandishi haya. Moinaecha sijamsamehe, na sukari yangu iko sawa.